Uyoga Uliokatwa Juu ya Udongo

4 Machi

Mvua ilinyesha jana kutwa, na leo asubuhi Mama amerudi na kikapu kimejaa uyoga. Msimu umeanza.

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo vya krimu, lakini vipimo havijazi ukurasa, basi nitaandika na mengine. Nianze kwa kukiri: mimi ni mwoga. Komeo nalikagua mara mbili, jiko mara tatu, na mtu akichelewa kupokea simu nishamzika. Niliuza duka la dawa miaka saba, na nadhani nilitoka pale na kila ugonjwa ulioandikwa kwenye maboksi.

Mama ni mama mkwe wangu. Mume wangu ni dereva wa malori, huonekana mwisho wa mwezi akiwa na nguo chafu na usingizi. Chumba cha tatu analala wifi yangu, mdogo wake mume wangu, aliyejifungua wiki tano zilizopita na amekuja kukaa na mama yake mpaka mtoto akaze shingo. Mimi na mume wangu bado hatujajaliwa, kwa hiyo huyu mmoja tunamgombania sote, na anayembeba kupita wote ni mimi.

Kazi yetu ni hii. Mama anachuma uyoga wa vichuguuni, ule mweupe wenye kofia ya kijivu unaoliwa na kila mtu. Mimi naukausha kwenye trei, nausaga, naloweka unga siku tatu kwenye mafuta ya nazi ya uvuguvugu, kisha nachanganya na nta ya nyuki. Unga kidogo huwa nauacha ndani, ndio unaosugua ngozi taratibu. Mvua ikikata, uyoga unakata, na kazi inalala mpaka mwakani.

6 Machi

Trei tano. Mtoto amelala mchana kutwa, nasi tumetembea kwa ncha za vidole kama wezi.

9 Machi

Nimepeleka vikopo kumi na viwili saluni. Mwenye saluni tunamwita Bi Kucha, maana zake ni ndefu mpaka simu anaibonyeza kwa vifundo vya vidole. Mteja mmoja alikigeuzageuza kikopo, akauliza kama huo uyoga hautamharibu uso. Nikafanya kama kawaida yangu. Nikachota krimu kwa kidole, nikailamba mbele yake.

"Kama tumbo langu halijaikataa, shavu lako litaikataa kwa nini?"

Saluni nzima ikacheka, na vikopo vitano vikaondoka papo hapo. Ladha yake ni ya mafuta na nta tu, hakuna wa kuitamani. Lakini tangu nianze kulamba, hakuna aliyeniuliza swali la pili.

10 Machi

Leo nimemsindikiza Mama vichuguuni. Kila uyoga anauzungusha mkononi kwanza, halafu anazamisha kidole cha shahada ardhini, kando ya shina, anakisukuma mpaka chini kabisa. Huku nyuma anasimulia habari za majirani wala hatazami. Kisha anaung'oa mzima, na mzizi wake mrefu kama mkono wa mtoto. Mwingine aliusukumia kidole, akaguna, akauacha.

"Huo vipi Mama?"

"Huo hapana."

Basi. Nilidhani ni mazoea tu ya watu wa zamani, wasiotaka kuharakishwa.

13 Machi

Siku mbaya. Bi Kucha amenirudishia vikopo vitatu. Mteja wake amekwaruzwa chini ya jicho, na Bi Kucha alichukua krimu akaisugua kwenye kioo cha saluni mbele yangu. Ikalia. Ni mchanga.

"Dada, mimi nauza uzuri," aliniambia, "siuzi msasa."

Njia nzima nimekuwa naona jicho la mtu limetoboka na mimi nimesimama mbele ya hakimu. Nilipofika nilichekecha unga upya, na kweli, chini ya chekecheke kulibaki mchanga mwekundu. Ni ile mizizi. Mama huileta na udongo wake, na hata niisuguaje, ule udongo umeingia kwenye nyuzi.

Nikamchukulia Mama kisu changu kidogo cha jikoni, kile chenye makali. Nikamwambia kuanzia kesho akate shina juu ya ardhi, vidole viwili kutoka chini, mizizi aiache hukohuko.

Akakipapasa kile kisu, mpini mpaka ncha.

"Nisichimbe kabisa?"

"Usichimbe Mama. Nataka kikapu kisicho na hata punje ya udongo."

Akajaribu makali kwa ukucha wa kidole gumba. Kisha akasema, "Haya. Kazi ni yako," akakifunga kisu kwenye ncha ya nguo yake.

14 Machi

Kikapu kimekuja kisafi, mashina yamekatwa sawasawa kama ya dukani. Nimefurahi mpaka nimeimba.

17 Machi

Mvua. Trei sita. Mama kanuna.

21 Machi

Mama bado ana kisirani na kile kisu, na sasa anakionyesha kwa vituko. Jana alimimina chai kando ya kikombe changu, ikatapakaa mezani, wala hakuomba radhi. Leo nimemsalimia mlangoni, "Shikamoo Mama," akaniitikia kwa jina la jirani. Wifi alicheka. Mimi sikucheka. Nimemuuliza mume wangu kwa simu kama mama yake ana neno na mimi, akasema mama yake ana neno na kila mtu, nisijihesabie.

24 Machi

Wifi chuchu zimempasuka. Mtoto akinyonya, mama mtu anauma meno mpaka machozi yanamtoka. Ameniomba kikopo.

"Mtoto atailamba," nilimwambia.

"Si wewe mwenyewe unailamba kila siku? Tena mbele za watu."

Nikacheka, nikampa kikopo kutoka chungu cha juzi, kile kisicho na mchanga.

27 Machi

Zimeanza kupona. Wifi ananisifu mbele ya wageni. Nimembeba mtoto saa nzima, akanishika kidole akalala nacho.

2 Aprili

Nitaandika polepole, nisiruke kitu.

Saa nne asubuhi nilikuwa napanga uyoga wa jana kwenye trei, kofia chini, mashina juu. Uyoga mmoja ulikuwa na mikunjo ya kijani chini ya kofia. Si kijani cha kuoza. Ni kijani kibichi, kama maji ya mboga. Mikunjo ya uyoga wetu ni myeupe, na ukizeeka inakuwa na wekundu kidogo. Kijani haiwi hata siku moja.

Nikaupeleka kwa Mama, alikuwa kakaa barazani anapepeta mchele.

"Mama, huu ni uyoga gani?"

Akaushika. Akauzungusha, akaunusa, akapitisha kidole pale shina lilipokatwa, mara moja, mara mbili, kama anayetafuta kitu alichodondosha. Macho yake yalikuwa yanatazama ukuta.

"Ni uyoga."

"Najua ni uyoga. Wa kichuguuni?"

"Nimeuchuma kichuguuni."

"Mikunjo yake ya kijani Mama."

Mikono yake ikasimama. Ungo ukamteleza magotini na mchele ukamwagika, naye hakuuangalia. Akasema kwa sauti ndogo, "Tupa huo. Tupa na wenzake wote wa jana." Akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Nimetupa trei yote. Lakini hilo si tatizo. Nilipokaa chini ndipo nilipoanza kuhesabu. Huu nimeuona kwa sababu umekomaa. Ukiwa mchanga, mikunjo ya uyoga huo ni myeupe, sawa na ya ule mwingine. Tangu tarehe kumi na nne ni mingapi imepita machoni mwangu ikiwa myeupe, nikaikausha, nikaisaga? Unga wote uko kwenye debe moja. Vikopo arobaini na kimoja viko nje, kwenye nyuso za watu.

Na kingine kipo chumba cha tatu, juu ya kabati, karibu na nepi.

Huu uyoga wa kijani naujua. Mwaka mmoja, nikiwa bado duka la dawa, walikuja baba na mwanawe waliokula huo huo. Walikuwa wanatapika na kuharisha maji matupu, wakishikana ili wasianguke. Watu wazima. Huyu wetu ana uzito wa paketi mbili za unga.

Nitamwambia wifi. Nitamwambia kesho asubuhi, akiwa ameshakunywa chai.

3 Aprili

Sikusema. Alikuwa na wageni.

Nilikwenda saluni nikiwa na nia ya kukusanya vikopo vyote. Nilisema kuna kundi la krimu halikukolea vizuri, nirudishiwe. Bi Kucha akaniangalia kwa jicho la pembeni. Wateja watatu walikuwa wamekaa chini ya mashine za kukaushia nywele, wote masikio wazi.

"Halikukolea, au lina kitu?" akauliza mmoja.

"Halina kitu."

"Basi lamba tuone."

Alikuwa anatania. Bi Kucha akafungua kikopo akanisogezea. Nikachota. Kidole kikasimama mbele ya mdomo, na kwa mara ya kwanza nilisikia harufu ya ile krimu, harufu ya uyoga mbichi na udongo wa mvua. Wote wanatazama. Nikalamba. Nikameza, nikacheka, nikaaga, nikaenda nyuma ya saluni nikatia kidole kooni.

Vikopo sikurudishiwa. Baada ya mimi kuilamba mbele yao wangenirudishia kwa nini?

4 Aprili

Sijaumwa. Haimaanishi kitu, niliitapika.

5 Aprili

Leo niliingia chumbani kwa wifi nikamwomba kikopo chake, nikisema nataka kumbadilishia kipya. Akakikumbatia.

"Hiki ndicho kimenitoa machozini. Usininyang'anye bwana, kipya mpe mwingine."

Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Mtoto alikuwa ananyonya, mguu mmoja uko nje unapigapiga hewa. Nikasema, "Haya, lakini paka kidogo." Paka kidogo! Nilitoka nikaenda kukaa chooni, mahali pekee pa nyumba hii mtu anapoachwa peke yake.

Nina hasira na Mama. Ndiyo, niandike. Amekaa na hili jambo la uyoga tangu utoto wake, inakuwaje aniletee sumu kwenye kikapu? Nimeanza kuwaza mabaya, kwamba ni kile kinyongo cha kisu, kwamba alitaka nione. Halafu namtazama anavyotembea akiupapasa ukuta, na najiuliza mbona anaupapasa ukuta.

7 Aprili

Nimemfuata Mama vichuguuni bila kumwambia. Mvua ilikuwa ya rasharasha, nyasi zimefika magotini.

Mama haoni.

Haoni, si kwamba haoni vizuri. Njia anaijua kwa miguu. Kichuguu cha kwanza alikifikia kwa kuhesabu hatua, nilisikia akihesabu. Akapiga magoti, akaanza kupapasa nyasi, mkono ukagusa kofia ya uyoga. Akauzungusha. Kidole cha shahada kikashuka kando ya shina mpaka kwenye udongo, kikaingia kidogo, halafu akakichomoa haraka, kama mtoto aliyegombezwa. Akatoa kisu changu. Akakata.

Wa pili hivyohivyo. Wa tatu ulikuwa kwenye nyasi, mbali na kichuguu kama hatua nne, nami nilipousogelea niliona kabisa kwamba si wenyewe. Kidole kikashuka, kikasimama kwenye udongo. Akakata, akautia kikapuni.

"Mama," nikasema.

Hakushtuka. Akabaki amepiga magoti.

"Toka lini?"

"Jicho la kushoto mwaka juzi. La kulia lilikuwa linanisaidia mpaka mwaka jana mvua zilipoisha."

"Na uyoga ulikuwa unaujuaje?"

Akachukua mkono wangu, akakisukuma kidole changu ardhini kando ya uyoga mmoja wa kichuguuni. Kuna mzizi. Unashuka, unashuka, kidole kinaishia njiani nao bado unaendelea kwenda chini kwa mchwa. Kisha akanivuta kwenye ule wa nyasini, akapapasa akapata kisiki alichokikata. Nikasukuma kidole. Hapakuwa na mzizi. Umekaa tu juu ya udongo, mwisho wake ni kinundu kifupi.

"Huyo tunamwita pacha," alisema. "Juu wanafanana, hata mwenye macho anadanganyika. Chini hawafanani. Mimi ninaujua kwa chini."

Nikakichomoa kidole. Mzizi ndio nilioukataza. Ndio niliosema uachwe hukohuko.

"Sasa mbona hukuniambia? Nilipokupa kisu, mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Nahitaji mzizi kwa sababu sioni? Ungenikalisha kitini mwanangu. Mngenikalisha wote, kwa mapenzi kabisa, na mngeniletea chakula." Akajifuta udongo. "Nikasema nitajaribu kwa harufu na kofia. Nimejaribu. Nilijua siku ile uliponitajia kijani."

Tukakaa kwenye nyasi zilizolowa, mimi nalia, yeye halii. Kisha nikamwambia kuhusu kikopo cha wifi. Hakuwa anajua. Aliinuka hapohapo.

"Mwanangu anapaka kwenye ziwa?"

"Tangu tarehe ishirini na nne."

"Twende. Utamwambia wewe, wewe ndiye unayejua kilichomo na umekiweka kiasi gani. Leo, si kesho."

"Leo jioni Mama. Naapa."

Jioni wifi alikuwa na kichwa kinamuuma. Nilimwambia Mama kwamba nimeshasema.

8 Aprili

Saa moja asubuhi wifi ameniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Mtoto ametapika maziwa yote, na nepi ni maji matupu. Saa mbili tena. Saa tatu macho yameingia ndani. Tumekwenda zahanati, wifi mbele anakimbia na mtoto, mimi nyuma nimemshika Mama mkono.

Chumba cha daktari ni kidogo, kuna kitanda, mzani na benchi. Mimi nilibaki nimesimama mlangoni, Mama kwenye benchi. Daktari akafinya ngozi ya tumbo la mtoto, ikachelewa kurudi. Akauliza.

"Amepewa kitu zaidi ya maziwa? Maji? Dawa za kienyeji?"

"Hapana," wifi akasema. "Ziwa tu."

"Kwenye ziwa unapaka nini?"

"Krimu ya wifi yangu huyu. Ya uyoga, lakini ni ule wa kula. Yeye mwenyewe huilamba."

Daktari akanigeukia. "Kuna nini ndani?"

Mama alikuwa amegeuza uso upande wangu, anasubiri sauti yangu. Nilijua kila neno la kusema. Nilikuwa nimelipanga siku sita.

"Uyoga," nikasema. "Mafuta ya nazi. Nta ya nyuki."

Kila neno lilikuwa kweli. Daktari akaanza kuandika. Nilisikia kalamu inakwaruza karatasi, na sikusema zaidi. Najaribu hapa kukumbuka nilikuwa nawaza nini, na ukweli ni kwamba niliwaza uso wa wifi. Sikuwaza mtoto. Niliwaza uso wa wifi utakavyonitazama.

Mama akasimama.

"Andika vingine daktari. Mchumaji ni mimi na macho yangu yamekufa. Kuna uyoga wa kijani umeingia humo, ule wa kutapisha. Nimechuma nisichokiona. Andika."

Wifi hakupiga kelele. Alimtazama mama yake, halafu akanitazama mimi, halafu akamtazama mtoto na hakuinua macho tena. Daktari akaita muuguzi, wakamwosha wifi matiti kwa sabuni mara mbili, wakamtundikia mtoto dripu kichwani, kwa maana mkononi mshipa haukuonekana. Mimi nikatumwa duka la dawa kufuata chumvi za kurudisha maji mwilini. Nilikimbia. Hicho ndicho nilichofanya vizuri siku ya leo.

9 Aprili

Bado anaharisha. Amelia bila machozi. Muuguzi anasema tungoje machozi.

10 Aprili

Saa nane mchana amelia na machozi. Nimetoka nje nikaegemea ukuta.

11 Aprili

Tumerudi nyumbani. Daktari anasema hawezi kuapa kwamba ni uyoga, inaweza kuwa maji, inaweza kuwa nepi, wiki hii amelaza watoto wengine watatu. Sikupata nafuu yoyote kwa maneno hayo.

Debe la unga nimelichimbia shimo.

13 Aprili

Nimepita nyumba kwa nyumba na saluni. Safari hii nimesema wazi: uyoga mbaya umeingia, nirudishieni. Nimepata vikopo thelathini na nne. Bi Kucha amevirusha vyake kwenye mfuko kimoja kimoja, akaniambia nisije tena kulamba vitu kwake. Mwanamke mmoja alipata vipele shingoni. Wengine hawana kitu. Saba sijavipata na kila nikifumba macho naviona.

Watu wakiuliza imekuwaje, nasema mama mkwe wangu haoni siku hizi. Wanasikitika, wananipa pole.

16 Aprili

Wifi amemwekea Mama kiti barazani. Anakaa hapo, mikono mitupu juu ya magoti. Mtoto yuko mgongoni mwa wifi, kwenye mbeleko, tangu asubuhi. Sijamwona Mama akimshika mjukuu wake tangu zahanati. Nikiingia tu, wifi anakaza mbeleko.

Hivi ndivyo kosa langu linavyolipwa na mtu mwingine. Mama hakutaja kisu. Mbele ya daktari alijibebesha yote. Nikinyamaza, ataishi na jina la bibi aliyemlisha mjukuu sumu kwa sababu ya ukaidi wa kizee.

Kesho nitasema.

18 Aprili

Kesho nitasema.

23 Aprili

Mvua kubwa. Vikopo vitatu vimepatikana, bado vinne. Nimemwambia Mama kwamba ninaona anavyonyimwa mtoto, na kwamba roho inaniuma. Akaniuliza kama nguo zimeanuliwa.

Begani alikuwa na doa jeupe. Nikamfuta, nikidhani ni chai ya maziwa.

29 Aprili

Mume wangu amekuja siku mbili akaondoka. Amempeleka Mama kuandikishwa upasuaji wa mtoto wa jicho, zamu yake ni mwezi wa saba. Amembeba mtoto, amemrusha juu, wifi akacheka. Mimi nikanyoosha mikono. Wifi akasema mtoto ana njaa, akamchukua.

3 Mei

Mvua zinakwisha. Vichuguuni umeota uyoga mwingi kuliko wakati wote, na hakuna wa kuuchuma. Sina hamu hata ya kuuona.

Kikopo kimoja tu bado.

6 Mei

Nilikwenda kufuata kile cha mwisho, mwenyewe hakuwepo, nikarudi mapema. Nilipita uani kwa sababu mlango wa mbele una matope.

Mama alikuwa barazani, na mtoto mapajani. Alikuwa anampitishia vidole usoni, paji, pua, kidevu, na mtoto anacheka kwa sauti. Wifi alikuwa amelala mkekani kando yao, usingizi mzito wa mtu asiye na wasiwasi.

Nikakanyaga kifuniko cha ndoo. Wifi akafumbua macho, akaniona. Akainuka, akamchukua mtoto kutoka mapajani mwa mama yake, akamweka mgongoni, akakaza mbeleko. Alifanya bila haraka, kama anayefanya hivyo kila siku nikirudi.

Nikaona nisiposema sasa sitasema tena.

"Wifi, mimi ndiye niliyempa Mama kisu. Nilimkataza kuchimba. Yeye uyoga anaujua kwa mzizi, na mimi nilitaka kikapu kisafi. Na nilijua tangu tarehe mbili. Nilikuona unapaka, nikajua, nikanyamaza. Usimnyime Mama mtoto kwa ajili yangu."

"Sijamnyima," akasema.

"Mbona—"

"Habari ya kisu Mama aliniambia siku ileile, ulipokwenda kufuata dawa. Na kwamba ulimwapia utaniambia, ukarudi ukamdanganya umeniambia. Najua yote wifi. Nilikuwa nangoja nione itakuchukua siku ngapi."

Mama alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Macho ya Mama siyaogopi," wifi akasema. "Nikimweka mtoto mapajani mwake namwambia yuko hivi, amelala hivi, kichwa huku, na anasikia. Mimi namwogopa mtu aliyekuwa anaona. Ulisimama pale mlangoni, daktari anakuuliza, mwanangu anakauka, ukanitajia mafuta ya nazi."

Hakupandisha sauti. Mtoto alikuwa ananitazama juu ya bega lake. Amenenepa mashavu.

"Naweza kumshika?" nikauliza.

"Leo hapana."

Nikasema sawa. Nikaenda jikoni, kulikuwa na vikombe vichafu, nikaviosha.